Kompyuta ya Kukesha: Jibu kwa Mwalimu wa Tanga Anayetafuta Seva Ndogo ya Video

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Chumbageni, Tanga. Nina video nyingi nilizozikusanya kwa miaka: harusi za ndugu zilizokuwa kwenye DVD, kaswida, taarabu, katuni za watoto na filamu, zote zikifika kama terabaiti moja na nusu katika diski mbili za nje. Nimezichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya mezani, ile yenye boksi kubwa, ili tuzitazame kwenye runinga ya Android ya sebuleni, na watoto wazitazame kwenye simu na kishikwambi. Kompyuta hiyo inanguruma usiku kucha, na umeme nao umetushinda: awali tulikuwa tukitumia kama uniti 45 kwa mwezi, sasa tunakaribia 90. Mmoja ameniambia ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, mwingine kompyuta mpya yenye prosesa ya Intel N100, mwingine mashine ndogo ya ofisini iliyotumika. Nina laki tano. Ninunue ipi? Na je, niwe naizima usiku?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wote watatu wamekutajia mashine nzuri, na kama ungenitaka nijibu kwa sentensi moja tu ningekuambia utafute ile ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba au cha nane ambayo jina lake linaishia na herufi T. Lakini sentensi hiyo haitakufaa kitu utakapokuwa umesimama dukani na muuzaji anakusifia nyingine iliyo mbele yake, kwa hiyo niruhusu nikueleze sababu zake, ili hata ukikosa mashine niliyoitaja ujue ya kuchukua badala yake.

Tunapochagua kompyuta ya kazi huwa tunauliza inakimbia kiasi gani. Seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayotunza video na kuvigawia vifaa vingine, haichaguliwi hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake haifanyi kazi yoyote. Familia yako hata ikitazama video saa nne kwa siku, na hizo ni nyingi kwa nyumba yenye watoto wa shule, zinabaki saa ishirini ambazo mashine imewaka, inasubiri tu. Kinachokula uniti zako ni hizo saa ishirini. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mashine yoyote ni hili: ikiwa imekaa bure, inavuta wati ngapi?

Boksi kubwa la mezani la miaka kumi au zaidi iliyopita, hasa likiwa na kadi ya picha ya pembeni, huvuta wati 40 hadi 70 likiwa halifanyi lolote. Tuchukue 60. Wati 60 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 43, na hapo ndipo hesabu yako ya 45 kupanda hadi karibu 90 inapokamilika bila kumsingizia mtu friji wala pasi. Kompyuta ndogo ninazozizungumzia hapa huvuta wati 8 hadi 12 zikiwa zimekaa, na ukijumlisha diski zako chukulia 12 kwa usalama. Hizo ni uniti 9 kwa mwezi, basi.

Kwa mteja wa TANESCO, tofauti hiyo inazidi ile ya uniti 43 kwa 9, kwa sababu ya tarifa. Nyumba inayotumia uniti 45 yaelekea iko kwenye D1, tarifa ya watumiaji wadogo, ambayo kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 hutoza shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75, kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Nyumba ikizoea kuvuka 75 huhamishiwa T1, tarifa ya matumizi ya kawaida, ambako uniti zote, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Uniti 88 kwenye T1 ni kama shilingi 25,700 kabla ya kodi; uniti 54, ambazo ni zenu za zamani na hizo 9 za mashine ndogo, ni shilingi 5,400 kwenye D1. Kwa hiyo boksi lako linatishia kuibadilishia bei nyumba nzima, pamoja na taa na friji ambazo hazina kosa lolote. Kama bado hamjahamishwa, zima boksi hilo leo, kabla hata ya kununua nyingine.

Usiniamini mimi tu, pima. Kipima wati cha kuchomeka ukutani kinafaa zaidi, lakini hata mita ya LUKU inaweza kukusaidia ikiwa unaifikia: ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa kila uniti, mara nyingi 1000 au 1600. Zima kila kitu ndani isipokuwa kompyuta, kisha shika saa. Kwenye mita ya 1000, mashine ya wati 60 hupepesesha taa mara moja kila dakika moja. Ya wati 12 hukufanya usubiri dakika tano. Ni jambo la kuchosha, lakini ukilifanya mara moja hutababaishwa tena na maandishi ya kwenye boksi. Na usichanganye wati hizo na namba ya wati inayotajwa pamoja na prosesa, kama 35 kwa zile za herufi T au 6 kwa N100, kwani hiyo ni kiasi cha joto ambacho mtengenezaji wa kompyuta anatakiwa ajiandae kukiondoa. Mashine ya 35 na mashine ya 6 zinaweza kukaa bure kwa wati zinazokaribiana kabisa.

Sasa tuingie kwenye zile saa nne za kazi, kwani hapo ndipo Raspberry Pi, N100 na mashine ya ofisini zinapoachana.

Seva inapompelekea mtazamaji video, hutokea moja kati ya mambo mawili. Ikiwa runinga au simu inaifahamu kodeki ya video hiyo, yaani ile namna ilivyofungashwa, seva huisoma tu kutoka kwenye diski na kuituma, kazi ambayo hata kompyuta dhaifu kabisa huifanya bila jasho. Ikiwa haiifahamu, seva hulazimika kuifungua na kuifungasha upya papo hapo huku mtu anatazama. Kazi hii ya pili, ambayo nitaiita kugeuza, ndiyo inayozifanya kompyuta zingurume, video zikwame kila baada ya sekunde kadhaa, na watu wadhani kwamba wanahitaji mashine kubwa. Prosesa za Intel zina sehemu maalumu ndani yake ya kufanya kazi hii, iitwayo Quick Sync, ambayo huigeuza video kwa umeme kidogo mno huku prosesa yenyewe ikiwa karibu imepumzika. Ubora wa sehemu hiyo hutegemea kizazi cha prosesa, wala hautegemei kama ni i3, i5 au i7. Kwa kazi yako i3 ya kizazi cha saba ni bora kuliko i7 ya kizazi cha nne, hata muuzaji akuapie.

Kwa nini nimetaja cha saba? Filamu nyingi za miaka hii hufungashwa kwa kodeki ya H.265, ambayo wengine huiita HEVC, na mara nyingi kwa rangi za biti 10. Kizazi cha sita cha Intel kinaifungua H.265 ya biti 8 vizuri, lakini ya biti 10 kinaifanya kwa kujikongoja. Kizazi cha saba, kilichoingia kwenye kompyuta za mezani mwanzoni mwa mwaka 2017, ndicho cha kwanza kuzifungua na kuzifungasha zote mbili kikamilifu. Hapa bahati imetuangukia. Microsoft ilipotoa Windows 11 iliweka masharti ambayo kwa upande wa Intel kwa ujumla yanaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ikaacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya nje yameziondoa mashine za kizazi cha saba kwa makundi, si kwa kuwa zimechoka bali kwa kuwa haziruhusiwi kuingia Windows mpya. Seva yetu haihitaji Windows. Itatumia Linux, ambayo haina habari na masharti hayo. Basi kizazi kilichoachwa nje ya mlango na Windows 11 ndicho hicho hicho kinachoanza kuifaa kazi yetu, na ndiyo sababu ninakushauri ukitafute wakati bado kimejaa madukani.

Majina ya kuulizia ni Dell OptiPlex Micro, hasa 3050 na 7050. HP EliteDesk 800 G3 Mini na ndugu yake ProDesk 600 G3. Na Lenovo ThinkCentre Tiny, yaani M710q na M910q. Zote hizi ni boksi la ukubwa wa kitabu kinene. Lakini jina la boksi halitoshi, kwa kuwa kadhaa kati ya hizi ziliuzwa na prosesa za kizazi cha sita na cha saba pia, huku kwa nje zikifanana kama mapacha. Fungua mashine dukani, tazama jina la prosesa: kwenye i5-7500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukikuta i5-6500T na bei ni ile ile, iache. Ukikuta i5-8500T kwa nyongeza ndogo, ichukue, ingawa kwa kazi ya video pekee hutaona tofauti kubwa. Herufi T mwishoni ina maana prosesa imetengenezwa kwa boksi dogo lisilo na feni kubwa. Herufi F ina maana haina kabisa sehemu ya picha, kwa hiyo hata Quick Sync haimo, na hiyo usiipokee hata kwa zawadi.

N100, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2023, ni mashine ninayoipenda, na kama ungekuwa na fedha zaidi au paneli ya sola ningeanza nayo. Inageuza yote niliyoyataja, na pia inaifungua kodeki mpya ya AV1, ambayo kizazi cha saba hakiifungui kwa Quick Sync. Sifa yake nyingine huwa haitajwi na wauzaji: kompyuta nyingi za N100 hupokea umeme wa volti 12, wakati zile za Dell na HP hutaka 19.5 na Lenovo 20. Anayetumia betri ya sola ya volti 12 anaweza kuilisha moja kwa moja kupitia kidhibiti kidogo cha volti, bila kupitisha umeme kwenye inveta ambayo nayo hula wati zake. Kwako wewe unayetumia umeme wa gridi, faida hiyo haipo, na AV1 unaweza kuikwepa kwa kuchagua H.264, kodeki ya zamani zaidi ambayo karibu kila kifaa huifahamu, unapopakua video. Isitoshe, soko la boksi hizi za bei nafuu limejaa majina yanayobadilika kila msimu, na ukiharibikiwa na chaja au feni hupati kipuri, wakati chaja ya mashine ya ofisini utaipata hata kwa fundi wa simu.

Raspberry Pi nayo ni nzuri, ila kwa kazi nyingine. Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, huvuta wati tatu au nne tu ikiwa imekaa, na hakuna inayoishinda kwa hilo. Lakini walioitengeneza waliiondolea kabisa sehemu ya kufungasha video, na hata ya kufungua H.264, wakabakiza ya kufungua H.265 peke yake. Siku mtoto wako atakapotaka katuni ambayo kishikwambi chake hakiifahamu, Pi italazimika kuigeuza kwa nguvu za prosesa tupu, na itaelemewa. Kuna pia suala la diski: bila chaja yake rasmi ya ampea 5, Pi 5 hutoa miliampea 600 tu kwa vifaa vyote vya USB, na diski mbili za nje kama zako zinahitaji zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka. Ukijumlisha bodi, chaja rasmi, boksi, feni na kadi ya kumbukumbu, utakuwa umeifikia bei ya kompyuta kamili, na kadi hizo za kumbukumbu haziwapendi kabisa watu wanaokatikiwa umeme.

Kabla hujapanda basi kuja Kariakoo, hata hivyo, tazama kabatini. Je, hakuna laptopu ya zamani iliyovunjika kioo au kibodi, ya kizazi cha saba au cha nane? Laptopu ya namna hiyo, kioo kikiwa kimezimwa, hukaa kwa wati zile zile 8 hadi 12, ni kimya, na imekuja na UPS yake ndani, yaani betri. Umeme ukikatika yenyewe haina habari. Nimewawekea watu watatu au wanne seva za namna hii na hakuna aliyenirudia akilalamika. Angalizo ni moja: betri inayokaa imechomekwa mwaka mzima ikiwa imejaa huvimba, hivyo iwekee ukomo wa kuchaji wa asilimia 80 kama mashine inaruhusu, kama ThinkPad nyingi zinavyoruhusu, na ukiona sehemu ya kipanya imeanza kuinuka, itoe betri siku hiyo hiyo.

Ukifika dukani, pamoja na namba ya prosesa, kuna mambo ninayotaka uyakague kwa mkono wako. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapoanza kuwaka. Mashine nyingi za maofisi huja zikiwa na nenosiri la mwajiri wa zamani, na ikikuuliza nenosiri, muuzaji alitoe mbele yako au uhamie mashine nyingine. Ukiwa humo, hakikisha upo mpangilio wa kuiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, na uuwashe. Bila huo, kila umeme ukikatika mtu atalazimika kwenda kubonyeza kitufe. Uliza kama ina kadi ya Wi-Fi, kwa sababu ofisini zilikuwa zikitumia waya na nyingi hazina, ingawa nitakuambia hapa chini kwa nini hilo lisikuhuzunishe. Fungua kifuniko uone kama fremu ya kushikia diski ya inchi 2.5 na kebo yake bado vipo, maana ndivyo vitu vya kwanza kupotea. Kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti 8 inatosha na kubaki, usilipie 16.

Kuhusu chaja, sikiliza kisa changu. Niliwahi kununua mojawapo ya kompyuta hizi kwa chaja isiyo yake, yenye volti sahihi na tundu sahihi, nikaiona inatambaa kama kobe hata kufungua ukurasa mmoja. Nilibadilisha diski, nikabadilisha kumbukumbu, nikapaka upya dawa ya joto kwenye prosesa, nikapoteza Jumamosi mbili nzima. Kumbe mashine ilikuwa haiitambui chaja ile, na kwa kutoiamini ilikuwa imejipunguzia kasi yenyewe hadi kiwango cha chini kabisa. Onyo lilikuwa likitokea kila nilipoiwasha, nami nilikuwa nikilipita kwa kubonyeza kitufe bila kulisoma. Dai chaja halisi, na soma kinachoandikwa mwanzo mashine inapowaka.

Ukimya. Kompyuta hizi zina feni moja ndogo ambayo ikiwa safi huwezi kuisikia ukiwa mita mbili kutoka kwake. Kelele unayoisikia mara nyingi hutoka kwenye vumbi lililojaa mapezini au dawa ya joto iliyokauka, na vyote viwili hutengenezwa kwa nusu saa. Kelele nyingine ni ya diski: inatetemesha ubao wa kabati, na kabati linaikuza kama ngoma. Kata vipande vya kandambili kuukuu uviweke chini ya diski na chini ya mashine, utashangaa. Usishawishike kununua boksi lisilo na feni kabisa kwa ajili ya Tanga. Kwenye nchi ya baridi ni kitu cha raha, lakini Februari yenu, yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa bahari, boksi hilo litachemka na kujipunguzia kasi katikati ya filamu. Wala usiifungie mashine ndani ya kabati la runinga lenye milango. Iweke juu, penye hewa, mbali na dirisha linaloelekea baharini, kwa kuwa chumvi ya hewani hula viunganishi polepole.

Mashine iunganishe na ruta kwa waya, hata kama ina Wi-Fi. Filamu ya kawaida ya 1080p huhitaji megabiti 5 hadi 10 kwa sekunde, kiasi ambacho waya wowote unakibeba, lakini Wi-Fi ikitumika kwenda na kurudi, yaani kutoka seva kwenda ruta na kutoka ruta kwenda runinga, video hiyo hiyo hupita hewani mara mbili. Ikiwa utaweka waya upande mmoja tu, uwe upande wa seva. Na kwa kuwa wengi huniuliza: kutazama video zako kwa njia hii hakuli bando hata baiti moja, kwa kuwa hazitoki nje ya nyumba.

Programu ya kugawa video ninayokushauri ni Jellyfin, juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Ilianzishwa Desemba 2018 na watu waliojitenga na Emby, programu nyingine ya aina hiyo, baada ya Emby kufunga msimbo wake. Ni ya bure, inatumia Quick Sync bila malipo, na bando likiisha inaendelea kufanya kazi ndani ya nyumba kama kawaida. Plex, mshindani wake, ina sura nzuri zaidi, nakiri, lakini hutaka ujiandikishe kwenye seva zao, na kugeuza kwa Quick Sync hulipiwa. Ukimaliza kuiweka Jellyfin, ingia kwenye mipangilio yake uwashe Quick Sync kwa mkono, kwa sababu haijiwashi, na nimekuta seva kadhaa zilizolalamikiwa kuwa dhaifu ambazo kosa lao lilikuwa hilo tu.

Video zako za harusi zinastahili neno lake. Zilizotoka kwenye DVD ziko katika MPEG-2, kodeki ya zamani ambayo simu za watoto mara nyingi haziifahamu, na kama una zile za AVI za enzi za Xvid, hali ni hiyo hiyo. Ukiziacha zilivyo, seva itazigeuza kila mara bibi atakapotaka kuiona harusi ya mjukuu wake. Zigeuze mara moja tu: tumia HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, zipeleke kwenye H.264, zipange kwenye foleni, uziache usiku kucha kwa wiki moja, na baada ya hapo kila kifaa ndani ya nyumba kitazisoma moja kwa moja. Zile za asili usizifute. Kuhusu filamu zenye maandishi ya tafsiri chini, chagua maandishi yaliyo katika faili la SRT. Yale yanayohifadhiwa kama picha huilazimisha seva kuigeuza video nzima ili iyachore juu yake. Na ikitokea runinga inatoa picha bila sauti, huenda sauti imefungashwa kwa kodeki ya DTS, ambayo runinga nyingi haziisomi, zikiwemo za Samsung kuanzia zile za 2018. Seva itaigeuza sauti peke yake, na hilo ni jepesi.

Diski zako mbili za nje zitumie kama zilivyo. Usizipasue ukitaka kuziingiza ndani ya mashine, kwa kuwa nyingi kati yake tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, na zile kubwa ni nene kuliko nafasi ya ndani, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 7. Mfumo wa uendeshaji uweke kwenye SSD ndogo ya ndani, yaani diski isiyozunguka. Jambo la kukagua ni namna diski zilivyopangwa, yaani mfumo wake wa faili: ikiwa ni exFAT, hamisha data kwa zamu uzipange upya kwa ext4, kwa sababu exFAT haiweki kumbukumbu ya inachokiandika, na umeme ukikatika katikati inaweza kupoteza zaidi ya faili moja. UPS ndogo ya dukani ikiwa na betri mpya itaishikilia mashine hii na ruta yako kwa saa moja au zaidi, ingawa nayo hula wati kadhaa kila saa, na hizo uziingize kwenye hesabu. Lakini hata UPS haizuii diski kufa. Filamu zikipotea zitapakuliwa tena. Harusi hazirudiwi, hivyo nakala yake ya pili ikae kwenye diski nyingine isiyochomekwa, ikiwezekana kwa ndugu wa nyumba nyingine.

Umeuliza kama uizime usiku. Boksi lako la sasa, ndiyo, lizime bila kufikiri mara mbili. Mashine mpya ya wati 12, ukiizima saa nane kila usiku, itakuokolea uniti zisizofika tatu kwa mwezi, ambazo kwenye D1 ni chini ya shilingi 300 kabla ya kodi, na kila asubuhi mtu atahitajika kuiwasha. Mimi ningeiacha iwake, nikaziamuru diski zilale baada ya nusu saa ya kukaa bure, na kazi ya HandBrake nikaipangia usiku huo huo. Mkisafiri kwenda kijijini wakati wa likizo, izimeni na muichomoe ukutani.